Masaa Sita ya Sajini Khaemba

Kama una mtoto mkubwa, ndevu zimeota lakini bado anakula kwako, na ana simu, basi weka sufuria chini kidogo usikie yaliyomkuta Mutanu Jumatano moja pale kituo cha Kongo, mtaani Kawangware. Mutanu si mjinga. Aliachia shule darasa la saba, lakini mpaka asubuhi hiyo mandazi yake hayakuwa yamewahi kuungua na watoto wake hawajawahi kulala njaa. Hata hivyo siku hiyo ilibaki kidogo tu kijana wake apoteze kazi akiwa amekaa mbele ya macho yake, ameshiba, anabishana kuhusu watu ambao hawajazaliwa.

Beisi yenyewe, kijiwe cha chai na maneno, ni benchi mbili na jiko la makaa la Mutanu, zimejibanza kando ya duka la Boaz. Boaz anauza sinema. Unampelekea flashi tupu, anakurudishia imejaa, na karibu zote zimetafsiriwa na DJ Kifuniko, yule jamaa anayeongea juu ya picha toka mwanzo hadi mwisho, anawapa wazungu majina ya kwetu, na picha ikinyamaza anaongeza chumvi yake mwenyewe. Kwa sababu ya kazi hiyo Boaz haitwi Boaz. Anaitwa Flashi.

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Kavoi, kifungua mimba wa Mutanu, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye beisi nzima humwita Injinia, alikuwa kwenye andazi la nne. Tangu Januari hakuwa amepata kazi ya maana, ni kuziba tu sufuria za majirani. Sasa Mbuvi, foromani mmoja wa kwao Kitui, alikuwa amemwita siku hiyo kwenye saiti ya nyumba ya ghorofa kule Ayany, ngazi na mageti yote, kazi ya miezi mitano.

"Kavoi, si ungeenda mapema?" Mutanu aliuliza. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

"Mathe, tulia. Ni three. Sahii hata jua haijaamka vizuri."

Mutanu hakuridhika. Mbuvi anayemjua yeye huamka kabla ya kuku. Tangu lini anaita mafundi saa tisa mchana, wakati watu wanaosha miko waende nyumbani? Lakini meseji ya Mbuvi ilikuwa kwa simu ya Kavoi, na mambo ya simu katika nyumba hiyo ni ya Kavoi. Akamwachia, akageuza mandazi. Hapo ndipo alipokosea.

Flashi alitoka dukani ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Wasee, kaeni chini."

"Tumekaa," alisema Wangila.

Wangila ni soja wa usiku kwenye ploti moja ya Riruta Satellite. Kila asubuhi akitoka zamu hupitia chai kabla ya kwenda kulala, rungu bado iko kwapani. Kwenye geti lake huangalia series kwa simu, lakini usingizi humnyakua njiani, kwa hivyo anajua mwanzo wa kila hadithi na mwisho wake. Katikati huwa anaulizia beisi.

"Wamekatisha *Saa Kumi na Tatu*," Flashi alisoma. "Sizoni ya tano haitakuja. Kampuni inasema watu hawaangalii."

"Watu gani hawaangalii?" Kavoi aliweka kikombe chini. "Mimi sizoni ya tatu nimeangalia mara saba."

"Umeangalia kwa flashi yangu, halafu ukapatia mtaa mzima. Kampuni itakuona wapi?"

"Sasa Khaemba ataachwa hapo kwa daraja?"

"Ameachwa, buda. Mguu moja hewani."

Huyo Khaemba ni askari mmoja wa Uingereza mwenye nywele za manjano, ambaye DJ Kifuniko alimbatiza Sajini Khaemba, jina la kwao kina Wangila. Huingia ndani ya friji anatokea siku zilizopita. Sizoni nne nzima alikuwa anajaribu kufika kwenye daraja fulani amtoe binti yake kabla halijaanguka.

"Mtu wetu wa Bungoma," Wangila alisema kwa huzuni. "Wamemwonea."

"Soja, huyo mtu ni mzungu."

"Kifuniko alisema Khaemba. Unafikiri angetoa hiyo jina wapi?"

Ndipo Annet alipotoka kwenye saluni yake hapo mkabala, chanuo limechomekwa kichwani, akaja na kikombe chake mwenyewe. Annet huangalia series bila DJ, anasoma maandishi yanayopita chini ya picha, na tangu agundue maandishi hayo hajampa mtu yeyote nafasi ya kusahau. Jina lake la beisi ni Sabtaito.

"Nimesikia," alisema. "Afadhali. Hiyo ilikuwa ya watoto. Mtu anaingia friji anatoka mwaka jana. Na maziwa je?"

"Maziwa gani?"

"Si friji ilikuwa na maziwa. Ilienda wapi?"

"Ilirudi kwa ng'ombe," alisema Wangila, na chai ikampalia Kavoi.

Lakini Annet hakuwa amekuja kucheka. Series yake yeye ni *Meli Isiyo na Bandari*, ya watu elfu mbili wanaopaa angani miaka mia tatu wakitafuta mahali pa kuteremka. "Hiyo ndio sayansi. Hiyo imeandikwa na watu wamesoma."

"Sayansi gani," Kavoi alimrukia. "Mimi niliangalia episodi mbili nikatoka. Meli inapigwa na jiwe, inatoboka. Jamaa anatoka nje na kitu kama mswaki, anagusa moja, mbili, shimo limezibika. Hajasugua kutu. Hajapima bamba. Welding rod yenyewe hana."

"Kule juu hakuna kutu, Injinia."

"Sasa mahali hakuna kutu fundi anakula nini?"

"Na mimi niulize," Wangila alisema. "Watu elfu mbili, mlango moja, na hakuna soja. Yule mdudu wa meno anaingia sizoni mbili nzima, anaingia tu. Hakuna mtu amemuuliza anaenda kwa nani. Hakuna kitabu ya kuandika jina."

"Soja, huyo mdudu alikula kapteni."

"Angekuwa ameandikwa kwa kitabu tungejua aliingia saa ngapi."

"Hata wewe Sabtaito," Flashi alichomeka, "miaka mia tatu hawa mama wako angani, na rasta ni zile zile za episodi ya kwanza. Nywele haioti huko?"

Annet alikunywa chai kidogo. "Hiyo peke yake ndio inaniumanga," alikiri. "Mia tatu, na hakuna mtu amefumua."

Mutanu alikuwa anasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa Kavoi. Kila kijana wake alipojikunja kwenye benchi kama mtu aliyepanga kukaa hapo mpaka adhuhuri, aligonga karai kwa kijiti. Kuna kijana wa jirani alipoteza kazi ya bekari hivi hivi, akibishana juu ya mpira. Afadhali mpira, mpira angalau una refa.

Flashi aliinua mkono watu wanyamaze.

"Hayo yote sawa. Lakini swali ni moja. Sasa nani atatuambia masaa sita zilienda wapi?"

Wote waligeukia mlango wa duka kama wako kanisani. Hata Annet. Kwenye mlango wa bati wa duka lake Flashi alikuwa amechora kwa makaa duara kubwa na mishale, na juu yake ameandika MASAA SITA. Hilo pia ni jina la grupu yake ya WhatsApp, watu zaidi ya mia mbili, kutoka Kongo na Satellite hadi Kibera yote, watu wazima wenye kazi zao, na hawaongei kitu kingine.

Mutanu alikuwa amesikia hayo masaa sita mwezi mzima mpaka ndotoni. Akachoka. "Masaa sita gani?"

Kavoi aligeuka kwa furaha. Haikuwa kawaida mama yake kuuliza. "Mathe, sikia. Khaemba anaambiwa daraja litaanguka saa tatu. DJ anasema wazi, 'saa tatu kamili asubuhi, jogoo hajamaliza kuwika.' Sawa? Khaemba anaingia friji, anatokea hapo kwa daraja. Sasa angalia picha. Kivuli ya miti ni ndefu. Watoto wanatoka shule na mabegi. Kuna mama anaanua nguo."

"Nguo zimekauka?"

"Zimekauka kabisa. Hiyo si asubuhi, mathe. Hiyo ni kama saa tisa. Na daraja linaanguka hapo hapo. Kutoka saa tatu mpaka saa tisa ni masaa ngapi?"

"Sita."

"Hizo ndizo zimepotea."

"Friji ndio imekula," Flashi alisema. "Kila safari inakata yake."

"Hapana," alisema Wangila. "Khaemba alilala. Mimi najua uso ya mtu ameamka sasa hivi akiwa kazini. Alilala masaa sita na anaficha."

"Khaemba ni wawili," Kavoi akasema, na sauti yake ikawa ya mhubiri. "Kuna wa asubuhi na kuna wa jioni. Muda ulikatwa hapo katikati ukachomelewa tena. Mimi ni fundi, nikiangalia naona mshono."

"Kwa yangu hakuna mshono wala masaa sita," Annet alisema. "Pale chini imeandikwa three p.m."

"Yako imekatwa," Flashi alimwambia.

"Yangu ndio orijino."

"Orijino bila DJ ni watu wanafungua mdomo tu."

Mutanu alikuwa ameinamia karai, kijiti mkononi. "Huyo Kifuniko wenu anatafsiri kutoka lugha gani?"

"Kizungu, mathe."

"Na huyo mzungu, kwa mdomo wake, alisema nini?"

"Three o'clock," alisema Annet. "Hata mimi nimesikia na masikio."

Mutanu alitoa andazi moja, akalikung'uta mafuta.

"Three ya mzungu si tatu yetu," alisema. "Ni saa tisa. Huyo mtu wenu alisikia three akasema tatu. Jogoo amejiongezea."

Makaa yalilia jikoni. Flashi aliangalia mlango wake wa bati, ile duara, ile mishale, kazi ya mwezi mzima, kisha akaangalia huku na huku barabarani kuona kama kuna mtu mwingine amesikia.

"Mathe, sema polepole," alinong'ona. "Grupu iko na watu mia mbili na kumi."

"Kwa hivyo hakuwa amelala?" Wangila aliuliza. Ilimuuma.

Aliyecheka zaidi ni Kavoi. Alicheka akijipiga goti. "Wueh, manze. Msee anasikia three anasema tatu. Huo ni ushamba wa wapi?"

Mutanu naye alicheka. Alicheka vizuri, kama mtu aliyefunga shule ya maprofesa kwa kijiti cha mandazi. Halafu akaweka kijiti chini. Kama kuna mtu anaweza kusikia three akasema tatu, basi kuna mtu anaweza kuona tatu akasema three.

"Kavoi. Mbuvi alikuambia three kwa mdomo?"

"Alituma meseji."

"Aliandika three?"

"Aliandika saa, halafu namba."

"Soma."

Kavoi alitoa simu, bado anatabasamu. "'Kavoi uje kesho saa 3 saiti ya Ayany ubebe miwani yako ya kuchomea. Usichelewe iko mwingine wa Satellite.'" Alipofika kwa Satellite tabasamu lilikuwa limekwisha. "Lakini mathe, namba kwa simu ni ya kizungu. Kila mtu anajua."

"Mbuvi nilikaa naye dawati moja," alisema Mutanu. "Alitoka darasa la tano, mimi nikaendelea. Huyo mtu hana three yoyote. Ako na tatu pekee."

Annet aliangalia simu yake. "Ni saa mbili na dakika arobaini."

Kutoka Kongo hadi Ayany kwa pikipiki ya nduthi, kama barabara haijafungwa na mwendeshaji haogopi kufa, ni kama dakika ishirini. Kavoi alisimama akamwaga chai. Akakaa. Akasimama tena. "Miwani iko nyumbani," alisema, kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka sita.

Mutanu hakumjibu. Alikuwa ameshaondoka na leso yake ikipepea nyuma. Nyumba yao iko ploti ya tatu kutoka hapo, na wale waliomwona wanasema hawajui kama alifungua mlango au alipita tu.

Wangila, ambaye kwa miaka tisa kazi yake imekuwa kuzuia watu, alijisimamisha katikati ya njia na rungu juu. Nduthi ya kwanza iliyokuja ikafunga breki hadi ikapiga chenga.

"Unaenda kwa nani?" Wangila aliuliza.

"Mzee, naenda Riruta, kuna kastoma ananingoja."

"Unaenda Ayany. Panda, Injinia."

Mutanu alirudi akihema, akamvisha kijana wake miwani shingoni kama anavyovishwa mtu medali. Kavoi aliondoka na kamba za viatu zikining'inia na andazi la tano mdomoni, hata hakusema kwaheri. Nduthi ilipokata kona, Mutanu alisikia harufu. Karai zima la mandazi lilikuwa jeusi.

Walikaa. Beisi ilikuwa kama matanga, watu wanaongea kwa sauti ya chini ili wasikae bila kuongea.

"Mimi naona hivi," Flashi alisema. "Khaemba angekuwa na mama kwa ile series, ingeisha episodi ya kwanza."

"Ndio maana hawamwekangi," Annet akamjibu. "Angalia zote. Hata ile yangu ya meli. Watu elfu mbili na mama ya kapteni hayuko. Huwa amekufa kitambo, wamebaki na picha yake kwa ukuta."

"Angekuwepo angewaambia waende na sweta," alisema Wangila.

Mutanu alikuwa anakwangua karai na haangalii mtu. Akiinua macho anaangalia simu. Saa tatu ilifika, ikapita. Saa tatu na dakika tano. Alikuwa amemwahidi Mungu mambo mengi, mengine hata hayako ndani ya uwezo wake. Saa tatu na robo simu ikalia, akaishika kwa mkono wa unga.

"Mathe. Nimefika."

"Ulichelewa?"

"Dakika saba. Mbuvi amenitukana kikwetu mpaka nikakumbuka shosho wa kijijini."

"Na yule wa Satellite?"

"Hajafika. Nimeanza ngazi peke yangu. Mwenye ploti anakuja saa saba, fundi atamkuta hapa ndiye anaandikwa." Nyuma yake kulikuwa na mlio wa chuma kinachokatwa, na Mutanu alihisi hajawahi kusikia wimbo mzuri kama huo. "Mbuvi anasema alimtumia meseji sawa na yangu. Na anasema yeye hawezi kupigia mtu mzima simu kumuuliza kama ameamka."

Mutanu aliweka simu kwenye aproni. Akakaa kwenye benchi lake mwenyewe, jambo ambalo hafanyi asubuhi. Aliona kama picha: huko Satellite, jiko lingine, mama mwingine ana kijiti mkononi, anauliza kwa mara ya tatu. Na kijana wake ameegemea ukuta na chai. *Tulia, mathe. Ni three.*

"Ebu ngojeni," Flashi alisema. Alikuwa amefungua grupu. "Kuna mmoja hapa anajiita Welda wa Satellite. Ako onlaini. Ameandika sasa hivi kwamba Khaemba ni wawili, wa asubuhi na wa jioni."

"Hiyo si ni ya Kavoi?" Annet aliuliza.

"Ndiyo. Hao wawili husikizana sana. Anasema ataleta ushahidi jioni, kwanza ana kazi mahali, ni three." Flashi aliinua kichwa. "Mathe, ni yeye. Nimwambie ni tatu yetu?"

Wote watatu walimgeukia Mutanu. Wangila alivua kofia. Annet alishusha kikombe. Barabarani mtu wa maji alipita na mkokoteni wake, mitungi inagongana, na ilikuwa kama anachukua mwaka mzima kupita.

Mutanu ni mtu wa kanisa. Anaimba kwaya, sauti ya pili. Alifikiria yule mama wa Satellite, akamwonea huruma ya kweli kabisa, kwa sababu dakika thelathini zilizopita huyo mama alikuwa ni yeye. Alifikiria Januari hadi leo, sufuria za majirani, na Kavoi akilala mchana ameangalia ukuta.

"Mwambie," alisema.

Wangila aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri.

"Lakini msimkimbize mtoto wa wenyewe," Mutanu akaendelea. Alisimama, akamimina mafuta mapya kwenye karai. "Mwandikie saa nne."

Kidole cha Flashi kilikuwa kimeshafika juu ya kioo. Kikasimama.

"Nne yetu ya asubuhi, mathe, ama ya kizungu, ile ya jioni?"

Mutanu aliangusha donge la kwanza kwenye mafuta, akalingoja liibuke.

"Ya kizungu," alisema.